Barua ya wazi kwa uongozi wa klabu yetu: kipengele mlikisaini nyinyi, msimwachie nahodha matusi

Kwa Mwenyekiti, Mtendaji Mkuu, Mkurugenzi wa Michezo na wajumbe wote wa Bodi,

Waheshimiwa viongozi, salaam.

Tangu habari za kipengele cha kuvunja mkataba wa nahodha wetu zivuje, yaani bei iliyoandikwa mkatabani ambayo klabu ikiilipa inamchukua, mashabiki hatuna mjadala mwingine. Kundi moja linasema auzwe, fedha ziingie, timu isukwe upya. La pili linasema anayemgusa nahodha ameigusa klabu. La tatu, ambalo ndilo limenifanya nishike kalamu, limeshatoa hukumu: msaliti, mwenye tamaa, hana mapenzi na jezi. Watu wanaingia kwenye kurasa zake kumtukana yeye, familia yake na wakala wake, na mwenyewe hata mdomo hajafungua. Katikati ya vurugu hiyo mkatoa taarifa fupi kwamba nahodha hauzwi na kwamba uongozi utapambana hadi dakika ya mwisho abaki.

Mtapambana na nani? Kama kipengele kipo, na hadi leo hamjakanusha kwamba kipo, basi uwezo wa kukataa mliuweka mezani siku mlipomwaga wino. Klabu yoyote ikifikisha dau lile, kazi yenu inabaki kupokea fedha na kumtakia mchezaji kila la heri. Mnalijua hilo kuliko sisi, maana mkataba mlikaa nao chumbani na wanasheria. Sasa mnapowaambia mashabiki kwamba mko vitani kumbakiza, mnawaandaa kuamini kwamba akiondoka, yeye ndiye aliyewashinda. Hapo ndipo ugomvi wangu nanyi ulipo. Sina neno na kiasi kilichoandikwa, wala na nia ya mchezaji, ambayo siijui. Ninacholalamikia ni jinsi mnavyojitoa kwenye picha na kumwacha yeye peke yake mbele ya kamera.

Wapo mashabiki wenzangu wanaodhani vipengele hivi ni ujanja wa mawakala tu. Hispania ni sheria. Amri ya Kifalme namba 1006 ya mwaka 1985, inayosimamia ajira ya wanamichezo, inamruhusu mchezaji kuvunja mkataba kwa hiari yake mradi klabu ilipwe fidia, na fidia hiyo mara nyingi huandikwa mapema mkatabani. Ndiyo sababu kule karibu kila mchezaji ana tarakimu yake, hata anayekaa benchi msimu mzima. Kisheria anayelipa ni mchezaji. Klabu inayomtaka ndiyo humpa fedha. Agosti 2017 wanasheria wa Neymar walikwenda na hundi ya yuro milioni 222 kwenye ofisi za La Liga, wasimamizi wa ligi kuu ya Hispania, La Liga wakaikataa, wakageuza njia na kuikabidhi kwa Barcelona siku hiyohiyo. Barcelona hawakutaka kumuuza. Haikusaidia kitu. Viongozi wao waliamini tarakimu ile haiwezi kufikiwa na mtu, PSG ya Ufaransa wakaifikia.

Kwingineko, ambako sheria haidai kipengele, kinabaki kuwa makubaliano ya watu wazima, na maneno yake ndiyo yanayoamua. Je, kinamlazimu mwajiri kuuza, au kinamlazimu kuruhusu mazungumzo tu? Kinatumika dirisha gani la usajili? Kinaihusu klabu yoyote, au zile za nje ya nchi, au zile zinazocheza mashindano ya bara? Fedha zinalipwa kwa mkupuo au kwa awamu? Maswali haya yanaonekana ya karani, lakini msimu mzima unaweza kufia humo. Watanzania hawajasahau sakata la Feisal Salum. Desemba 2022 aliamua kuondoka Yanga, akaingiza fedha kwenye akaunti ya klabu akiamini mkataba unamruhusu kujinunua. Klabu ikashikilia kwamba haumruhusu, na Januari 2023 kamati ya TFF, shirikisho la soka la Tanzania, ikaamua kuwa bado ni mchezaji wa Yanga. Nusu ya msimu ikayeyuka kiungo wa kiwango kile hagusi mpira wa ligi, hadi Juni 2023 pande zote zilipokubaliana aende Azam. Kila shabiki alikuwa na tafsiri yake ya mkataba ambao hakuwahi kuuona. Ndivyo tulivyo sisi sasa hivi.

Na ipo njia ya Liverpool, ambayo nasikia baadhi yenu mnaipigia hesabu. Mwaka 2013 Arsenal walipeleka dau la pauni 40,000,001 kwa ajili ya Luis Suárez, wakiamini kuna kipengele kinachofunguka dau likizidi milioni 40. Ile pauni moja ya mwisho bado inachekesha. Liverpool wakagoma, na mmiliki wao John W. Henry akauliza mtandaoni hao wa Emirates, uwanja wa Arsenal, wanavuta nini. Mwaka uliofuata Henry huyohuyo akasema mbele ya watu kwamba kipengele kilikuwepo, ila waliamua tu kutouza. Suárez akabaki, akafunga mabao 31 ya ligi, timu ikamaliza ya pili, kisha mwaka 2014 akaenda zake Barcelona. Mashabiki wengi wa Liverpool watakuambia ilistahili. Mimi naona walinunua msimu mmoja kwa kuvunja neno lao, na bahati ikawabeba kwa sababu Suárez alirudi uwanjani akiwa na moto. Mchezaji mwingine angenuna, angeumia msuli usiojulikana jina, na mngebaki na mtu anayehesabu siku. Pia mawakala wanaongea. Klabu ikijulikana kwamba sahihi yake haina uzito, chipukizi anayefuata atadai kila kitu mbele ya mwanasheria au atakwenda kwingine.

Sisemi kuweka kipengele ni uzembe, na hapa napingana na wengi wa kundi langu la "asiuzwe". Wakati mwingine kipengele ndicho kinacholeta mchezaji. Dortmund walimchukua Erling Haaland kutoka Salzburg akiwa na miaka 19, wakati nusu ya Ulaya ilikuwa inamnyemelea. Walikubali kipengele ambacho kwa kipaji kile kilikuwa bei ya kutupa, takriban yuro milioni 60, na mwaka 2022 Manchester City wakakitumia. Ukitazama siku ya kuondoka tu, utasema Dortmund waliibiwa. Ukitazama mkataba wote, walipata mabao 86 katika mechi 89 kutoka kwa kijana ambaye bila mlango wa kutokea pengine asingeingia kabisa. Ule ulikuwa uamuzi wa makusudi. Kama nanyi mlifanya hesabu ya namna hiyo mlipompa nahodha mkataba wa mwisho, mkaweka kipengele ili akubali mshahara ambao klabu ingeumudu, semeni. Ni hesabu halali, na wengi wetu tutaielewa. Nahodha alikuwa amebakiza miezi michache. Angeweza kuondoka bure kama mchezaji huru, haki ambayo wachezaji wa Ulaya waliipata kwa hukumu ya Bosman mwaka 1995 na ambayo leo imekuwa desturi ya soka karibu kila mahali. Alisaini. Aliwapa nafasi ya kupata fedha ambazo vinginevyo msingezipata. Leo anaitwa msaliti kwa sababu ya karatasi iliyoiokoa klabu, na nyinyi kimya.

Luís Figo alihama Barcelona kwenda Real Madrid Julai 2000 kwa kipengele kilichokuwa mkatabani mwake, cha takriban yuro milioni 60. Florentino Pérez alikuwa ameahidi katika kampeni zake za urais kwamba atamleta, akashinda, akamleta. Novemba 2002 Figo aliporudi Camp Nou, uwanja wa Barcelona, kupiga kona, vitu vilimiminika kutoka majukwaani, na picha ya kichwa cha nguruwe kikiwa kimelala kando ya uwanja ikazunguka dunia. Mechi ilisimamishwa kwa muda. Walioidhinisha kile kipengele kwa niaba ya Barcelona hakuna aliyewarushia hata kikombe cha plastiki. Simtetei Figo kwa kila alichofanya wiki zile. Alisema hiki akafanya kile. Lakini mlango alioutumia haukuvunjwa. Ulikuwa umefungwa kwa bei, na waliopanga bei hiyo walikuwa wameketi jukwaa la waheshimiwa.

Wala msidhani ukimya unailinda timu. Aprili 23, 2013 dunia iliamka na habari kwamba Mario Götze anakwenda Bayern Munich kwa kipengele cha yuro milioni 37. Dortmund walikuwa na nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya Real Madrid kesho yake! Klabu ilithibitisha ikiwa imeshalowa, kwa sababu habari ilikuwa imevuja tayari. Robert Lewandowski akafunga mabao manne usiku wa mechi, wakashinda 4-1, na watu wakasahau kidogo. Mwezi mmoja baadaye wakakutana na Bayern haohao kwenye fainali Wembley, wakafungwa 2-1, Götze akiwa majeruhi jukwaani. Sisi hatuna Lewandowski wa kutufutia machozi. Tuna mechi za mwisho wa msimu zenye uzito, na kila mkutano wa kocha na waandishi unaanza na kuisha na swali la nahodha. Kocha naye anapiga danadana, anajibu kwamba hayo muwaulize viongozi. Basi tunawauliza.

Jambo la tarehe ndilo linalonitia hofu kuliko kiasi. Thomas Partey aliondoka Atlético Madrid Oktoba 5, 2020, siku ya mwisho ya dirisha, baada ya Arsenal kulipa yuro milioni 50 za kipengele kwenye ofisi za La Liga. Atlético walipata taarifa kutoka La Liga kwamba fedha zimeshafika. Hakuna klabu inayopata kiungo wa kiwango chake kwa saa zilizokuwa zimebaki. Klabu hiyohiyo, mwaka mmoja kabla, iliumizwa na tarehe kwa namna nyingine: kipengele cha Antoine Griezmann kilikuwa yuro milioni 200, kikashuka hadi 120 ilipofika Julai 1, 2019, na siku chache baadaye Barcelona wakalipa 120. Atlético walilalamika kwamba mazungumzo yalikamilika kabla bei haijashuka. Shirikisho la Hispania likawapiga Barcelona faini ya yuro 300. Si laki tatu, ni mia tatu. Yaani ukishasaini tarehe mbaya, usitegemee hakimu aje kukuokoa.

Kwa hiyo nauliza waziwazi: kipengele cha nahodha kinafunguka lini na kinafungwa lini? Kama kinafungwa wiki mbili au tatu kabla ya dirisha kufungwa, mmefanya kazi nzuri na mnastahili pongezi, maana tutakuwa na muda wa kutafuta mbadala. Kama kiko wazi hadi saa ya mwisho, basi mbadala alipaswa kuwa ameshajulikana tangu msimu haujaisha. Mashabiki hatutaki jina lake. Tunataka kusikia kwamba jina lipo.

Athletic Bilbao ndiyo klabu ninayoionea wivu katika jambo hili, na si kwa sababu haijawahi kupoteza mtu. Imepoteza wengi. Inasajili wachezaji wenye asili au malezi ya Kibaski tu, hivyo soko lake ni dogo mno. Ikipoteza beki haiwezi kuruka kwenda kuchukua Mbrazili. Mwishoni mwa Januari 2018 Manchester City walilipa yuro milioni 65 za kipengele cha Aymeric Laporte. Papo hapo Athletic nao wakalipa kipengele cha Iñigo Martínez wa Real Sociedad, yuro milioni 32, beki akavuka kwenda kwa jirani. Mashabiki wa Sociedad walikasirika, na haki yao, lakini tazameni kasi ile. Mtu hafanyi hivyo kama hajajiandaa miezi kadhaa nyuma. Mwezi huohuo walimsainisha upya kipa wao Kepa Arrizabalaga, aliyekuwa na miezi michache tu mkatabani na kipengele cha yuro milioni 20, huku Real Madrid wakimmezea mate. Kipengele kipya kikawa milioni 80. Agosti Chelsea wakazilipa zote 80, na Kepa akawa kipa ghali kuliko wote duniani. Sahihi moja ya Januari ilikuwa na thamani ya milioni 60 miezi saba baadaye, na golini akaja kusimama Unai Simón, kijana wa nyumbani. Mwaka 2025 wakafanya tena: wakati kila mtu alikuwa ameshampeleka Nico Williams Barcelona, akasaini Athletic hadi 2035 na kipengele kikapandishwa kwa zaidi ya asilimia 50.

Bila shaka mkataba mpya una gharama. Hakuna mchezaji anayekubali kupandishiwa bei ya kutokea bila kupandishiwa mshahara, na ukimpandishia nahodha, wachezaji wengine wawili au watatu watagonga mlango wiki hiyohiyo. Hapo ndipo mnapotakiwa kuamua, na ni uamuzi mgumu ambao siwezi kuwafanyia nikiwa jukwaani. Inawezekana kabisa kwamba jibu sahihi ni kumwacha aende. Ana umri ambao bei yake haitapanda tena sana, na kwenye timu ya vijana tuna kiungo ambaye kila wiki anaulizwa atapandishwa lini. Naweza kuishi na jibu hilo. Siwezi kuishi na uongozi unaojua jibu ni hilo halafu unajifanya umeporwa.

Na kuhusu fedha, wale wa kundi la kuuza wameshazitumia zote: straika, beki wa kushoto, nyasi mpya, na chenji inabaki. Wasaidieni kwa kusema ukweli mapema. Dau linalosomwa kwenye vichwa vya habari si kiasi kinachoingia. Akivuka mpaka kwenda shirikisho lingine, asilimia 5 ya ada hukatwa chini ya kanuni za FIFA na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23, na sisi hatukumlea tangu mwanzo. Huenda pia klabu tuliyomnunua ilijiwekea sehemu. Chelsea walipomchukua Enzo Fernández kutoka Benfica siku ya mwisho ya Januari 2023 kwa yuro milioni 121, River Plate ya Argentina ilikuwa imebakiza asilimia 25 ya haki zake, kwa hiyo robo nzima haikuwa ya Benfica. Na hata pale, Benfica walioshikilia kwamba wanataka bei ya kipengele walikubali kulipwa kwa awamu. Yetu imekaaje? Klabu ya zamani ya nahodha inachukua kiasi gani? Mtatuambia sasa, au tutasikia mkutano mkuu ujao, wakati straika aliyeahidiwa hajaja na lawama zinatafuta mwenyewe?

Mtasema mkataba ni siri. Mshahara wake ni siri, bonasi zake ni siri, na wala sitaki kuvijua. Lakini kuwepo kwa kipengele, kipindi kinapotumika, na mgawanyo wa ada mnaweza kuvieleza kwa ridhaa yake, na sidhani kama atakataa kitu kitakachomwondolea matusi. Wapinzani tayari wana tarakimu, mawakala huzitembeza. Waliofichwa ni wanachama peke yao. Kama kuna sababu ya kibiashara ya kutotaja kiasi, kiacheni. Semeni tu kwamba klabu na mchezaji walikubaliana kipengele hicho kwa hiari, kwamba klabu ilinufaika nacho, na kwamba akiamua kukitumia atakuwa anatumia haki mliyompa. Sentensi hiyo asaini Mwenyekiti kwa jina lake, siyo ofisi ya habari.

Mna wajibu mwingine ambao haumo mkatabani. Mchezaji anayetukanwa kwa ajili ya uamuzi wa klabu anapaswa kulindwa na klabu. Mna kurasa zenye wafuasi wengi, mna viongozi wa matawi, mna msemaji ambaye haishiwi maneno tukishinda. Watumieni. Tawi lililotishia kuchoma jezi yake mbele ya lango mnalijua na viongozi wake mnawajua kwa simu. Wapigieni kabla ya mechi ijayo ya nyumbani, maana bado ni nahodha, bado atavaa kitambaa, na bado tunahitaji pasi zake.

Mwisho, kuhusu mkataba mpya: kama mazungumzo yameanza, tuambieni yameanza, basi, bila ahadi. Kama hayajaanza, yaanze wiki hii, nahodha akiwa mezani mwenyewe pamoja na wakala wake, na kocha aulizwe anamhitaji kwa misimu mingapi. Na kama mmeshaamua kumwacha, mwambieni yeye kwanza, kisha mtuambie sisi, dirisha likiwa bado halijafunguliwa.

Wenu katika klabu,

Mwanachama wa jukwaa la nyuma ya goli